Kahawa ya Mgeni

Kemilembe mwanangu,

Kuna mlio mmoja ambao sijawahi kukueleza vizuri. Ni mlio wa kipima kina. Kwenye meli yetu ya utafiti kilikuwa kimefungwa chini kabisa, tumboni mwa meli. Kinatuma sauti kwenda sakafu ya bahari, kinasubiri mwangwi urudi, na kwa muda uliopita kati ya kutuma na kurudi tunajua maji yaliyo chini yetu yana kina gani. Sauti yenyewe ni kama ya ndege mdogo anayeita mara moja kisha ananyamaza kana kwamba amejuta. Tyuu. Kimya. Tyuu. Inapenya chuma, inapenya mto wa kulalia, inakufikia ukiwa unakula na ukiwa unasali. Siku za kwanza niliichukia. Baadaye nikawa siwezi kulala bila hiyo. Niliporudi hapa Isingiro nilikuwa nazinduliwa na kimya. Nakaa kitandani nimetega sikio, na bibi yako anauliza kutoka chumba cha pili, "Unasikiliza nini wewe? Mwizi wa ndizi?"

Juzi jikoni uliniuliza, "Mama, nikirudi likizo ya Krismasi utakuwepo?" Ulikuwa umenisikia nikiongea kwa simu uani. Mimi nikakujibu, "Menya ndizi, moto unazimika." Hilo halikuwa jibu, na wewe ulijua, maana ulimenya zile ndizi kama mtu anayechuna ngozi ya adui. Basi nakuandikia jibu. Utalisoma ukiwa kwenye basi, mbali na jikoni ambako huwa nakuta kila mara kuna moto wa kuchochea.

Sitaandika habari za sanduku. Ndoo, jembe, rimu za karatasi, shuka mbili, bibi yako ameyasimamia yote hayo kama anayepeleka jeshi vitani, na mimi sina la kuongeza. Wala sitakuandikia habari za wavulana wa kidato cha tano. Nilikuzaa nikiwa na umri unaokaribia huu ulio nao sasa, unalijua hilo, na sijawahi kujuta kuwa nawe. Yaliyobaki utayapima mwenyewe.

Simu ile ilitoka kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye siku hizi anaongoza safari za utafiti. Kuna nafasi melini, kuanzia Oktoba hadi baada ya mwaka mpya. Kazi ni ileile niliyokuwa naifanya ukiwa mdogo: kuchota maji ya vilindini na kuchunguza viumbe wadogo waliomo. Alitaka jibu kabla ya wiki kwisha. Bibi yako, ambaye husema hasikii vizuri, alisikia kila neno. Ulikuwa umekwenda kisimani aliponijia. "Bojo, mwanangu," akasema, "mtoto arudi likizo amkute nani? Mimi na mbuzi?"

Nikasema sijaamua.

"Kama hujaamua mbona umevaa uso wa safari?"

Ni kweli, nilikuwa nimeuvaa. Na ili uelewe uso ule ni lazima nikupeleke melini kidogo, kwa sababu hadithi nilizokusimulia utotoni zilikuwa za nyangumi na samaki wanaoruka. Sikukusimulia habari zangu mwenyewe.

Siku zangu za kwanza melini nilishinda na njaa. Utacheka, lakini sikiliza. Huku kwetu mtu haendi kwenye sahani ya watu. Unakaa, unaambiwa karibu, unasema nimeshiba, unaambiwa tena, unakataa tena, hadi mwenye nyumba anakaribia kukasirika, ndipo unanawa mikono. Mimi nilikwenda melini na adabu hiyo kamili. Kengele ya chakula ikilia, nasimama karibu na mlango wa bwalo, nimeshika mikono mbele, nangoja mtu aseme karibu. Watu wanapita, wananisalimu, wanakula, wanaondoka. Jikoni panafungwa. Nilidhani wananichukia. Nilifika mahali pa kula biskuti zangu chumbani chini ya shuka kama mwizi.

Aliyeniokoa ni mpishi, Mpemba mmoja mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba, tuliyemwita Bwana Hamadi. Siku hiyo alitoka nje na mwiko mkononi, akanitazama toka juu hadi chini.

"Weye binti, wasimama hapo kila siku. Wangoja posa?"

"Hapana, shikamoo."

"Marahaba. Basi kama hungoji posa, ingia ule. Hapa hapana atakayekubembeleza. Kwenu wapi?"

"Kagera. Karagwe kule, siku hizi ni Kyerwa."

"Aa! Binti wa ndizi!" Akawageukia wenzake jikoni. "Jamani, huyu wa kwenye migomba, hajui kuwa sahani haina shangazi wa kumpeleka!"

Jina hilo la binti wa ndizi lilinifuata safari zangu zote. Nililipenda kuliko jina lililoandikwa kwenye pasi yangu ya kusafiria.

Sikuandikii hili ili uache adabu ya kwenu. Huko bwenini utafika umejaa adabu ya bibi yako, na kuna wengine watakuona mpole, na wengine watakuona unaringa. Utaona mwenyewe wapi inakulisha na wapi inakulaza na njaa. Mimi nilichelewa kuona. Na kosa langu kubwa zaidi lilitoka kwenye chungu hichohicho.

Melini kazi hailali. Tulikuwa na zamu, wengine usiku wa manane hadi mchana, wengine mchana hadi usiku wa manane, na watu wa zamu mbili mnapishana koridoni kama majirani wasiopatana. Kazi yenyewe ni hii. Kuna fremu nzito ya chuma yenye chupa nyingi zilizopangwa duara. Inashushwa baharini kwa kebo, taratibu, winchi ikinguruma, chupa zikiwa wazi. Ikipanda, kila chupa unaifunga kwa amri ukiwa umekaa mbele ya kompyuta, hii kwenye kina hiki, ile kwenye kina kile. Maji ya chini kabisa yakifika juu ni baridi kama maji ya mtungi asubuhi ya Juni, ingawa sitaha inaunguza nyayo. Mara ya kwanza nilipotia mkono ndani ya maji yale nililia, na sikuweza kumweleza mtu kwa nini. Hata leo siwezi. Yalikuwa hayajaguswa na mtu yeyote, na mimi wa Isingiro nilikuwa nimeyashika.

Sasa, siku moja nilikuwa naangalia namba inayoonyesha fremu imebakiza umbali gani kufika sakafu. Tulikuwa tumepita juu ya kilima cha chini ya maji ambacho ramani haikukionyesha vizuri. Namba ilikuwa inapungua haraka kuliko ilivyotakiwa. Niliiona. Mkuu wa watafiti, mzee mmoja mwenye mvi niliyemheshimu mno, alikuwa amesimama pembeni akizungumza na nahodha msaidizi. Nikainuka. Nikaenda nikasimama nyuma yake, mikono nimeikunja mbele, nikangoja amalize sentensi.

Unanijua, Kemi. Unajua nilivyosimama. Ndivyo tunavyosimama sote mbele ya babu wa ukoo akiwa na wageni.

Fremu ikagonga sakafu. Kebo ikalegea, winchi ikapiga kelele nyingine, watu wakakimbia. Ilipopandishwa ilikuwa imejaa tope, chupa mbili zimepasuka, na kifaa cha kupima chumvi hakikufanya kazi tena hadi mwisho wa safari. Mzee yule hakunifokea. Aliniuliza tu, "Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unazungumza."

Akanitazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta kama namfanyia dhihaka. Alipoona sifanyi, akaketi chini kabisa kwenye sakafu ya chumba cha kompyuta na kushika kichwa. Jioni Bwana Hamadi aliniwekea samaki mkubwa kuliko wa wengine. "Kula, binti wa ndizi," akasema. "Leo adabu yako imekula tope, nawe ule kitu kilicho safi."

Tangu siku ile nilijifunza kusema nikiona, hata mkubwa akiwa anazungumza. Nilijifunza melini. Nyumbani, kama nitakavyokueleza, nilichelewa zaidi.

Ngoja kwanza nikupe kitu kimoja nilichokipenda. Kwenye korido ya meli kulikuwa na picha za meli za zamani za kazi kama yetu. Enzi ambazo Ulaya walikuwa bado wanadhani vilindini hakuna uhai, meli moja ilizunguka dunia ikipima kina kwa kamba ya katani yenye uzito mwishoni. Saa nzima kushusha, saa nyingi kuvuta, na kinachopanda ni kiganja cha udongo. Wataalamu walifurahi kama watoto. Mabaharia walichoka na tope hilo, na wengi walitoroka kila meli ilipotia nanga. Katika picha zote hizo hakuna mwanamke. Tulikuwa na mama mmoja mzee melini, mtaalamu wa viumbe wa vilindini kutoka ng'ambo, akanisimulia kwamba alipokuwa msichana walimkatalia kupanda meli ya utafiti kwa sababu, walisema, haina choo cha wanawake. "Walikuwa wameweza kupima bahari nzima," alisema, "choo kimoja kikawashinda." Alicheka hadi akakohoa. Alipanda meli kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mvi. Nilikuwa nikimwangalia akipanda ngazi kwa mikono miwili, goti moja likimuuma, na nilijiambia, huyu hakungoja aambiwe karibu.

Kikombe chako kilitoka safari hiyo. Kile kidogo cheupe ulichokuwa unapimia chumvi ya wanasesere wako. Ni desturi ya watu wa meli hizi: unachukua kikombe cha kawaida cha chai, cha povu gumu la plastiki, unakichora, unakifunga kwenye fremu kinashuka vilindini, na uzito wa maji unakibana kutoka pande zote hadi kinabaki kama kizibo cha chupa, na mchoro wako umekuwa mdogo lakini kamili. Nilichora mgomba na jina lako. Nilijivunia zawadi ile njia nzima, kutoka bandarini hadi stendi ya Nkwenda.

Sasa nafika penyewe.

Nilifika mchana. Ulikuwa hujaanza darasa la kwanza. Bibi yako alikuwa amenitandikia mkeka sebuleni, nami nimeketi, miguu imevimba kwa safari. Ukatoka ndani umevaa gauni la kanisani. Ukapiga magoti. Ukasema shikamoo ukitazama chini. Kisha ukaninyooshea kwa mikono miwili kile kikapu kidogo chenye kifuniko, chenye akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Unajua kikapu kile hupelekewa nani. Mwenye nyumba hapelekewi. Anajichotea. Anayepigiwa magoti na kunyooshewa kahawa ni mgeni.

Bibi yako akacheka kwa aibu. "We mtoto! Huyo ni mama yako!"

"Namjua," ukasema. "Lakini ametoka mbali."

Nikachukua punje moja. Nikatafuna. Nikasema asante kama mgeni anavyosema.

Mwezi uliofuata niliwaandikia watu wa meli kwamba sirudi. Nikapata kazi ya kufundisha baiolojia hapa sekondari, na tangu hapo sijavuka Biharamulo isipokuwa kwa msiba. Wanawake wa kwaya walinisifu. "Huyu ndiye mama," walisema, "ameacha bahari kwa ajili ya mtoto." Nilikubali sifa hiyo. Hata wewe ulikua ukiisikia. Na siku ya kipaimara chako, mjomba wako Deo, rubisi ikiwa imempanda kichwani, akasema mbele ya watu wote, "Mama yako angekuwa profesa leo kama si wewe." Watu wakacheka kidogo, kwa sababu ni Deo. Wewe ukakusanya vyombo ukaenda kuviosha. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Niliiona tena fremu ikielekea kugonga sakafu, Kemi, nikangoja Deo amalize sentensi.

Umebeba sentensi ile miaka yote hii. Najua, maana kila unapopata alama nzuri unaniletea kama mtu anayelipa kitu. Basi nisikilize vizuri hapa. Sikuacha bahari kwa ajili yako. Kikapu kiliniuma, ndiyo, nilitamani ardhi inimeze. Lakini kabla sijashuka melini nilikuwa nimeambiwa kwamba safari ijayo nitaongoza zamu nzima, watu wanane chini yangu, winchi na kila kitu. Niliogopa. Nilikuwa naota ile kebo ikilegea. Njia nzima kutoka bandarini, huku nimeshika kikombe chako mapajani, nilikuwa nikitafuta sababu ya heshima ya kutorudi. Ukanipa wewe, umepiga magoti, bila kujua. Nikaitumia. Ningeweza kusema mbele ya wote "naogopa" na dunia isingeanguka. Nilipendelea kusema "nina mtoto".

Nilipata mengi katika kukaa, usifikiri nimekaa nikilia. Nimekuona ukijifunza baiskeli kwenye mteremko wa kwa mzee Kabaka hadi ukaingia kwenye mibuni. Nimekuona ukigombana na bibi yako juu ya senene, nani anyonyoe mabawa. Usiku ule ulipougua malaria nilikuwepo mimi, kikombe cha uji kilikuwa mkononi mwangu. Hayo sitayabadilisha na bahari yoyote. Ninachokataa ni wewe kuendelea kudhani unadaiwa.

Na kuna kosa jingine dogo, ambalo nataka lisijirudie kati yetu. Nilipokuwa safarini, simu ya setilaiti tulikuwa tunapewa kwa zamu na kwa muda mfupi. Nilikuwa nautumia wote kukuuliza umekula nini, umelala, unamsikiliza bibi. Ukajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikirudi chumbani sikujua chochote juu yako. Siku moja tu ulinikatiza ukasema, "Mama, mbuzi amekula sweta ya mchungaji," na simu ikakatika, na ile sentensi moja ilinishibisha kwa wiki. Basi ukinipigia, usiniambie uko salama. Hilo nitaliuliza kwa matroni. Niambie nani amekuchekesha, nani umemchukia na kwa nini, nini umekiona kikakukera au kikakutoa machozi. Ukiona jambo baya linakaribia kutokea, mkatize yeyote anayezungumza. Ukiogopa, liite kwa jina lake. Nami nitafanya hivyohivyo. Nimekwisha kuanza, kama unavyoona.

Jibu lako sasa.

Leo asubuhi nilipowaaga nikisema nakwenda Nkwenda kukutafutia soksi, soksi nilinunua, ni zile nyeupe. Lakini kabla ya soksi nilipita kwa mkuu wa shule nyumbani kwake. Nikamwomba likizo bila malipo kuanzia Oktoba. Alilalamika kuhusu kidato cha nne, akauliza nani atawafundisha, nikamwambia yule kijana mpya aliyetoka chuo ataweza kuliko anavyodhani. Akatia sahihi. Kisha nikasimama pale stendi ambapo mtandao unakamata vizuri, katikati ya wanunuzi wa maharage wanaogombana, nikampigia rafiki yangu. Nikamwambia nakuja. Akaniuliza kama niko tayari kuongoza zamu. Nikamwambia naogopa sana na ndiyo, niko tayari. Mkataba niliusaini palepale kwenye simu, kwa kidole, na muuza maharage mmoja akaniuliza kama nimekopa.

Sikukuuliza kwanza. Nilifikiri sana juu ya hilo. Ningekuuliza, ungesema nenda, kwa kunihurumia, au ungesema kaa, kwa kuogopa, na kwa vyovyote uamuzi wangu ungekuwa tena mikononi mwako umepiga magoti. Huu nimeufanya mimi. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Una haki, na nitasikiliza hadi mwisho bila kukutajia moto unaozimika.

Bibi yako nilimwambia mchana. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alitupa mawe mawili, matatu, kisha akasema, "Krismasi nitamchinjia jogoo. Wewe utakula samaki wako huko." Nikadhani yameisha. Nilipofika mlangoni akaniita. "Na baridi ya huko majini, uvae sweta mbili."

Kwa hiyo, mwanangu, hapana. Ukishuka kwenye basi mwezi wa kumi na mbili hutanikuta stendi. Atakuja Deo na pikipiki, na nimemwambia mbele ya mkewe neno ambalo anatakiwa kukwambia njiani kuhusu sentensi yake ile, na ameahidi kulisema akiwa hajanywa. Meli inaondoka Oktoba. Nimo.

Mama yako anayekupenda, melini na hapa.